Kiingereza cha angani: Nani asiyeeleweka?

Na Mwandishi Wetu

*Marubani wa mataifa mengi hupimwa matamshi yao kila baada ya miaka michache. Waliozaliwa na Kiingereza hupimwa mara moja, basi. Kumbukumbu za ajali hazikubaliani na mgawanyo huo.*

ALFAJIRI ya Februari 19, 1989, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya Kimarekani ya Flying Tiger Line ilikuwa ikiteremka kwenda kutua Kuala Lumpur, Malaysia, ikitokea Singapore. Kulikuwa bado kiza. Ndani yake walikuwamo watu wanne.

Mwongoza ndege aliwaambia washuke hadi futi 2,400. Namba hiyo aliitaja tarakimu mojamoja: "two four zero zero". Kule angani, "two", yaani mbili, ikasikika kama "to", kile kineno cha Kiingereza chenye maana ya "hadi". Jibu lililorudi redioni likataja tarakimu tatu tu: nne, sifuri, sifuri. Futi 400.

Aliyeko ardhini hakulisahihisha jibu hilo. Kengele za kuonya kwamba ardhi iko karibu zililia ndani ya chumba cha marubani, hazikufuatwa. Ndege ikagonga kilima karibu na Puchong, kwenye kimo cha futi 437 kutoka usawa wa bahari. Wote wanne walikufa.

Ukiitazama ajali hiyo kwa jicho la shule, humwoni wa kumpa sifuri. Upande mmoja kulikuwa na wafanyakazi wa kampuni ya Marekani. Upande wa pili alikuwapo mtu aliyekuwa akikitumia Kiingereza kila siku kazini. Maneno "two" na "to" yanakaribiana katika kila kinywa, kiwe cha Chicago au cha Kuala Lumpur. Mmoja alitaja namba kwa mtindo aliouzoea, mwingine akasikia kwa mtindo aliouzoea, na mazoea hayo hayakulingana.

Tumezoea kulizungumza suala la matamshi ya Kiingereza kama jambo la aibu. Mkenya anamcheka Mtanzania, Mtanzania anamcheka Mganda, na wote watatu wanamgeukia Mnigeria. Angani hakuna nafasi ya kuchekana. Kwa zaidi ya miaka 70 sekta ya usafiri wa anga imelazimika kujibu kwa vitendo swali ambalo maofisi na madarasa yetu yanalikwepa: watu wa nchi mbalimbali wanapotamka lugha moja kwa namna tofauti, nani ana wajibu wa kujirekebisha?

Redio moja, vinywa vingi

Siku yoyote, juu ya Dar es Salaam na Zanzibar, redio za waongoza ndege hubeba sauti za mabara kadhaa. Kuna rubani Mturuki anayeleta abiria kutoka Istanbul. Kuna Mhabeshi anayetoka Addis Ababa, na Mtaliano aliyejaza watalii wanaokimbilia fukwe za Nungwi. Kuna kijana wa Kitanzania mwenye Cessna ya injini moja anayekwenda Mafia au Pemba. Anayewajibu ni mwongoza ndege ambaye, kama Watanzania wengi, huenda alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha kufundishiwa alipoingia sekondari.

Kila mmoja wao huja na mdomo wa kwao. Kiarabu sanifu hakina sauti ya p, kwa hiyo "parking", mahali pa kuegesha ndege, inaweza kutoka kama "barking", ambayo ni kubweka. Mjapani hupata shida kutenganisha "right", kulia, na "light", taa. Mhispania huchanganya b na v. Mhindi mara nyingi hatofautishi v na w, na t yake huipiga kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma.

Sisi wa Kiswahili tuna vokali tano tu. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za vokali zipatazo 20. Matokeo yake, "cat", "cut" na "cart", ambayo kwa Mwingereza ni vitu vitatu tofauti, kwa wengi wetu hutoka kwa sauti moja. Kwa baadhi ya wenzetu, l na r nazo hubadilishana nafasi bila hodi.

Lakini orodha hiyo haiishii kwa wageni. Mmarekani akisema "water", wengi wetu tunasikia "wara". Mwenyeji wa London huimeza r ya mwisho wa neno ambayo Mskochi huitingisha. "Day" ya Mwaustralia inakaribia "dai", na "pen" ya mtu wa New Zealand inakaribia "pin". Hawa wote Kiingereza ni cha mama zao, na bado wanahitaji dakika chache kuzoeana.

Katika mazungumzo ya mezani dakika hizo zipo. Redioni hazipo. Mawasiliano ya sauti kati ya ndege na ardhini bado yanatumia mfumo wa zamani wa AM, kwenye masafa ya kati ya megahezi 118 na 137. Redio hiyo hukata sauti za juu, na huko juu ndiko zinakoishi konsonanti kama f, s na th. Midomo haionekani, ishara za mikono hazionekani, injini zinanguruma. Na watu wawili wakibonyeza kitufe cha kuongea kwa wakati mmoja, wengine husikia mluzi tu.

> "Hawa wote Kiingereza ni cha mama zao, na bado wanahitaji dakika chache kuzoeana."

Waliochagua "Alfa" na "Juliett"

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Canada. Marekani na Uingereza zilikuwa zimetoka vitani zikiwa na ndege nyingi kuliko wengine, na Kiingereza kikawa lugha ya anga kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa wepesi wake. Mwaka 1951 ICAO ilipendekeza rasmi kitumike katika mawasiliano ya kimataifa ya redio.

Tatizo la matamshi lilionekana mapema. Majeshi ya nchi hizo yalikuwa na alfabeti yao ya kutajia herufi, iliyoanza na "Able" na "Baker". Ilikuwa rahisi kwa Mwingereza na mateso kwa Mfaransa au Mhispania.

ICAO ikampa kazi mwanaisimu wa Montreal, Jean-Paul Vinay, atafute maneno ambayo sauti zake zinapatikana katika Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Maneno yakajaribiwa kwa watu wa mataifa 31. Yaliyoleta mkanganyiko yakatupwa, na alfabeti tunayoijua leo, ya Alfa, Bravo, Charlie, ikaanza kutumika Machi 1, 1956.

Angalia tahajia. Alfa imeandikwa kwa f kwa sababu si kila msomaji duniani anajua kwamba "ph" ya Kiingereza husomwa f. Juliett ina t mbili kwa sababu Mfaransa akiona moja mwishoni mwa neno haitamki. Neno Quebec linaelekezwa kutamkwa kwa k tupu, bila ile w ya Kiingereza.

Namba nazo zikafanyiwa ukarabati. Tatu, "three", inatakiwa kutamkwa "tri", kwa sababu th ni sauti adimu katika lugha za dunia na redio huimeza. Nne imenyooshwa ikawa silabi mbili, "fawa". Tano inafungwa kwa f, "faifu". Tisa imeongezwa mkia, "naina", isije ikachanganywa na tano. Elfu inaanza kwa t.

Mswahili anayesoma hapa anaweza kutabasamu, maana hivyo ndivyo baadhi ya walimu wetu walivyokuwa wakihesabu ubaoni. (Mtu wa Ireland naye hatashangaa. Kwao wengi husema "tri" tangu utotoni, wala hawajawahi kupanda ndege.) Kwa lugha nyingine, wataalamu wa anga walipoona dunia haiwezi kutamka kama London, waliisogeza London. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, na ulifanyika kabla nchi nyingi za Afrika hazijapata uhuru.

Pale lugha ya nyumbani inapochungulia

Herufi na namba zilipata dawa. Sentensi hazikupata.

Machi 27, 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, visiwa vya Canary, Boeing 747 mbili ziligongana ardhini na watu 583 wakafa. Hadi leo ndiyo ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko zote, ukiacha mashambulizi. Ndege ya KLM ya Uholanzi ilianza kukimbia bila kibali wakati ile ya Pan Am ya Marekani ikiwa bado njiani mbele yake.

Sekunde chache kabla, kutoka ndege ya Waholanzi ilisikika kauli kwamba sasa wako "at take-off". Mwongoza ndege Mhispania aliichukulia kwamba wako mahali pa kuanzia, wanasubiri. Wao walikuwa tayari wanaondoka. Mwanaisimu wa Marekani Steven Cushing, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu mawasiliano na ajali za ndege, alieleza uwezekano kwamba muundo wa Kiholanzi uliingia ndani ya Kiingereza: mtu aliwaza kwa lugha moja, akasema kwa nyingine. Mwongoza ndege akajibu "OK", kisha akawataka wasubiri. Wakati huohuo Wamarekani walibonyeza kitufe kusema kwamba bado wako njiani. Sauti zikagongana, ukasikika mluzi, na kilichowafikia vizuri Waholanzi ni ile "OK".

Baada ya hapo neno "take-off" liliwekwa chini ya ulinzi: hutamkwa tu pale kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kwa mengine yote husemwa "departure".

Miaka 13 baadaye, Januari 25, 1990, ndege ya Avianca ya Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck, Long Island. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Msaidizi wa rubani alikuwa amewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanawaishia, na mapema zaidi waliomba kupewa kipaumbele. Hakutamka neno la dharura. Kwa masikio ya New York siku ile yenye msongamano, ombi hilo halikuwa na uzito ambao Wacolombia waliamini wameliwekea.

Kisha ikaja Charkhi Dadri, karibu na Delhi, Novemba 12, 1996. Boeing 747 ya Saudi Arabia ilikuwa ikipanda, Ilyushin ya Kazakhstan ikishuka. Waliokuja kutoka Kazakhstan walitakiwa wabaki futi 15,000, wakashuka chini ya hapo. Ndege zikagongana na watu wote 349 wakafa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye udhaifu wa Kiingereza ndani ya ile Ilyushin, ambamo mawasiliano yalikuwa mikononi mwa fundi redio, na rubani akimtegemea.

Mtihani wenye ngazi sita

Baada ya Charkhi Dadri hakuna aliyeweza kunyamaza. Mwaka 1998 mkutano mkuu wa ICAO uliagiza suala la lugha lishughulikiwe, na mwaka 2003 vikapitishwa viwango vipya. Vilitakiwa kuanza Machi 5, 2008. Nchi nyingi hazikuwa tayari, zikaongezewa muda hadi Machi 2011.

Kwa viwango hivyo, kila rubani wa safari za kimataifa na kila mwongoza ndege anayewahudumia hupimwa mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko wa usemaji, ufahamu na namna ya kujibizana. Ngazi ni sita, na inayoruhusu kufanya kazi ni ya nne. Alama haziwekwi kwenye chungu kimoja na kugawanywa. Ukipata 6 kwenye mambo matano na 3 kwenye matamshi, wewe ni wa 3, na leseni yako haikufikishi nje ya nchi.

Sasa soma wanavyoyaeleza matamshi. Ngazi ya nne inakubali kwamba matamshi yameathiriwa na lugha ya kwanza ya msemaji au na eneo anakotoka, ila yasimzuie msikilizaji kuelewa isipokuwa mara mojamoja. Ngazi ya sita, ya juu kabisa, nayo inakubali athari hizo, mradi karibu zisizuie kabisa. Hakuna mahali panaposema mtu aongee kama Mwingereza au Mmarekani.

Hilo linalingana na yale ambayo watafiti walikuwa wameanza kuyaonyesha. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, wa Canada, walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka vizuri sana. Uzito wa lafudhi ni jambo moja, kueleweka ni jambo lingine. Ajabu ni kwamba hata msikilizaji mwenyewe huvichanganya: humwelewa mtu neno kwa neno, kisha akalalamika kwamba haeleweki.

Mwingereza Jennifer Jenkins, katika kitabu cha mwaka 2000, alijaribu kutenga sauti zinazobomoa maelewano ya wageni kwa wageni na zile zisizobomoa. Sauti ya th aliitoa kwenye orodha ya lazima, kama ICAO ilivyofanya nusu karne kabla yake kwenye namba tatu. Alichokisisitiza ni urefu wa vokali, konsonanti zinazofuatana zisidondoshwe, na mkazo uwekwe kwenye neno linalobeba ujumbe.

Kuna habari njema hapo kwa Waswahili. Tabia yetu ya kuchomeka vokali kati ya konsonanti, ile iliyotupatia "kilabu" na "sipana", ina madhara madogo kuliko tabia ya kuzidondosha konsonanti. Pia th na dh tunazo, kwa wale wasiosema "zahabu". Panapotuumiza ni kwenye vokali zetu tano na mkazo wetu uliozoea silabi ya pili kutoka mwisho. "Fifteen" na "fifty", 15 na 50, hutofautishwa zaidi kwa mkazo, na mwenye mkazo wa Kiswahili anaweza kuzigeuza pacha. Ndiyo maana redioni tarakimu hutajwa mojamoja.

> Ukipata 6 kwenye mambo matano na 3 kwenye matamshi, wewe ni wa 3.

Wenye mashaka na mtihani

Mtihani una wakosoaji wa pande mbili.

Upande wa kwanza unasema umelegea. ICAO huweka kiwango, lakini kila nchi hujichagulia mtihani na watahini. Nchi yenye shirika la ndege linalohitaji marubani haraka ina sababu ya kuwa mpole. Rubani mwenye cheti cha ngazi ya nne kilichotolewa mahali fulani anaweza asielewane na mwenzake mwenye cheti kama hicho kutoka mahali pengine. ICAO ilianzisha utaratibu wa kuikagua mitihani yenyewe, ila kuuomba ukaguzi huo ni hiari.

Hatari ya Kiingereza kisichotosha ilionekana hata kabla mtihani haujaanza. Juni 2007, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Heathrow, marubani wa ndege ya LOT ya Poland walijikuta mawinguni bila maonyesho sahihi ya mwelekeo, kwa kosa la kuingiza longitudo ya mashariki badala ya magharibi. Kutokea hapo kila kitu kilitegemea maneno. Wachunguzi wa Uingereza waliandika kwamba Kiingereza cha marubani hao hakikutosha kueleza hali waliyokuwamo wala kufuata maelekezo kwa urahisi. Ndege ilirudi salama. Katika siku ya kawaida, misemo ya kukariri ingewavusha. Hitilafu inapotokea, misemo ya kukariri huisha, na hapo ndipo matamshi na msamiati huanza kudaiwa.

Upande wa pili unauliza kwa nini mzigo wote abebe mgeni. Huu ndio upande ambao gazeti hili linaona haujasikilizwa vya kutosha.

Kosa la mwenyeji

Kanuni za ICAO zinaelekeza msemaji redioni asizidi maneno 100 kwa dakika. Sikiliza mawasiliano ya uwanja mkubwa wa Marekani saa za msongamano, utajua kanuni hiyo inavyoheshimiwa. Maelekezo humwagwa kwa pumzi moja, maneno yakiwa yamekatwa mikia, na rubani aliyetoka Asia akiomba kurudiwa hurudiwa kwa kasi ileile, sauti ikiwa imepanda. Sauti kubwa haijawahi kumsaidia mtu asiyeelewa neno.

Kuna pia ukaidi wa misemo. Kwa miaka mingi, dunia ikisema "line up and wait" kumwelekeza rubani aingie kwenye njia ya kurukia na kusubiri, Marekani ilisema "position and hold". Sehemu nyingine za dunia kuna maelekezo yanayokaribia sana kusikika hivyo, "holding position", yanayomtaka rubani abaki nje ya njia hiyo. Maneno karibu yaleyale, maana zinazopingana, na katikati yake inapita ndege inayotua. Marekani ilibadilika Septemba 30, 2010.

Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilichapisha utafiti wa mwanaisimu Barbara Clark kuhusu Kiingereza cha anga. Haukuwasafisha wenye lugha. Waingereza na Wamarekani nao walionekana kutoka nje ya misemo iliyokubaliwa, wakitumia lugha ya mitaani ambayo mgeni hana pa kuijua. Mwongozo wa ICAO wenyewe unasema waliozaliwa na Kiingereza wana wajibu wa kujifunza kuongea na dunia: kupunguza kasi, kuacha mafumbo, kusikiliza lafudhi za wengine na kuthibitisha kwamba wameeleweka.

Wajibu huo umeandikwa vizuri. Haupimwi.

Na wanaosema: tutumie lugha zetu

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kila mtu kutumia lugha yake. Kanuni hazikatazi: rubani anaweza kutumia lugha ya kituo cha ardhini, na Kiingereza lazima kipatikane anapokihitaji. Mwaka 1976 Canada ilikumbwa na mgomo wa marubani waliopinga Kifaransa kutumika redioni Quebec. Kwa Wakanada wengi wa Kifaransa hilo lilikuwa suala la heshima, na nani atawalaumu.

Lakini usiku wa Mei 25, 2000, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, ndege ya abiria ya Air Liberté iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Ndege ndogo ya mizigo ya Uingereza, iliyokuwa ikielekezwa kwa Kiingereza, ikaruhusiwa kuingia kwenye njia ileile. Marubani Waingereza hawakuweza kujua mwenzao amepewa kibali gani. Bawa la ndege kubwa lilipasua chumba chao na msaidizi wa rubani akafa. Wachunguzi wa Ufaransa walitaja matumizi ya lugha mbili miongoni mwa mambo yaliyochangia. Rubani huhitaji kusikia hata yasiyomhusu, ili ajue wenzake wako wapi.

Maandishi nayo yamekuja. Juu ya bahari na katika anga za nchi kadhaa, maelekezo hutumwa kama ujumbe kwenye kioo mbele ya rubani, na lafudhi inakosa pa kupita. Hilo ni jema kwa masafa marefu. Karibu na uwanja, pale ambapo sekunde zinahesabika, mtu bado humwambia mtu kwa mdomo, na itaendelea hivyo kwa muda mrefu.

Rafu iliyobaki

Vijana wetu wanaosomea urubani Soroti, Uganda, au uongozaji ndege Embakasi, Nairobi, wanajua kwamba leseni haitoshi bila cheti cha lugha. Mwenye ngazi ya nne hurudi kwenye mtihani kila baada ya miaka mitatu. Mwenye ngazi ya tano hurudi kila baada ya miaka sita. Hilo ni sawa. Lugha isipotumika huota kutu, na abiria wa Dar es Salaam ana haki ya kujua kwamba anayeongea kwa niaba yake anaeleweka.

Mwenye ngazi ya sita harudi tena maisha yake yote. Kanuni inaruhusu hata tathmini isiyo rasmi kwa mtu ambaye ni dhahiri anakimudu Kiingereza, na ni rahisi kukisia nani huonekana dhahiri hivyo: aliyezaliwa Texas, Manchester au Sydney. Hakuna anayemuuliza kama anaongea maneno 100 au 200 kwa dakika, kama anamwelewa Mchina, kama anatumia misemo ya dunia au ya mtaani kwao. Rubani kutoka Mwanza anahojiwa upya kila baada ya miaka mitatu kuhusu vokali zake. Mtu aliyemwaga maelekezo kwa kasi ya mnada haulizwi kitu.

Mamlaka zetu za anga, ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda, zina viti ICAO kama nchi nyingine yoyote mwanachama. Zipeleke Montreal hoja ya kukifuta kipengele hicho cha ngazi ya sita, na kila anayeshika kipaza sauti cha anga ya kimataifa apimwe kuongea na kusikiliza, popote alipozaliwa.